Daftari la Wiki: Jalada la Sendashonga lifunguliwe

Mazungumzo ya wakimbizi hapa Majengo hukomea mpakani: nani aingie, nani arudishwe. Moshi unajua kupokea. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini humu kupanga serikali ya kumrithi Idi Amin. Lakini hifadhi hupimwa zaidi siku aliyepewa anapouawa. Mei 16, 1998, Seth Sendashonga, waziri wa zamani wa mambo ya ndani wa Rwanda, alipigwa risasi akafa pamoja na dereva wake kwenye Forest Road, Nairobi. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Kenya iliwaachia huru washtakiwa watatu, na jaji akaona kwamba mauaji yale yalikuwa ya kisiasa. Upelelezi ulipaswa kuanza upya hapo. Badala yake, ukafa. Tena dalili zilikuwapo tangu mapema. Februari 1996 Sendashonga alishambuliwa katika jiji hilohilo; aliposhukiwa ofisa wa ubalozi wa Rwanda, Kigali ilikataa kumwondolea kinga, na Kenya ikaufunga ubalozi. Oktoba mwaka huo akauawa, Nairobi vilevile, Théoneste Lizinde, aliyewahi kuongoza idara ya usalama ya Rwanda. Baada ya yote hayo, kupeleka mahakamani hadithi kwamba Sendashonga aliuawa kwa ugomvi wa fedha kulikuwa uzembe, kama si woga.

Wako watakaosema kinga ya kibalozi iliwafunga polisi mikono. Mkataba wa Vienna wa 1961 humkinga mwanadiplomasia asikamatwe wala kushtakiwa. Hauzuii kuhoji mashahidi wengine wala kufuatilia bunduki ilikotoka. Hoja nzito zaidi ni kwamba Sendashonga alikuwa akijenga upinzani dhidi ya Kigali akiwa ugenini, na Mkataba wa OAU wa 1969 unamkataza mkimbizi kuihujumu nchi yoyote mwanachama. Ni kweli unakataza. Lakini wajibu wa kumzuia unabaki kwa serikali iliyompokea, kwa njia za sheria, si kwa mtu mwenye bastola barabarani. Rwanda imekana kuhusika, na upelelezi wa kweli ungeisaidia hata yenyewe, kama haina hatia. Serikali ya Kenya ilifungue jalada hilo sasa, wakati mashahidi wangali hai. Kwa sheria za Kenya, kosa la kuua kwa kukusudia halina ukomo wa muda.