Walimu wetu wa Kiingereza wakumbukwe katika mazungumzo na Korea

Natoa maoni yangu kuhusu kazi ya kufundisha watoto Kiingereza katika nchi za nje, hasa Korea Kusini.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari. Nilipokuwa masomoni Korea Kusini, wakati wa likizo nilipata kibali cha kufanya kazi katika kambi moja ya watoto ya kujifunza lugha hiyo. Wakorea wanalitilia maanani sana jambo hili. Mkoa wa Gyeonggi peke yake ulifungua kijiji cha Kiingereza mjini Ansan mwaka 2004, na kingine kikubwa zaidi mjini Paju mwaka 2006. Katika kambi za namna hii mtoto hupita kwenye uwanja wa ndege wa kuigiza akaulizwa pasipoti, huenda benki ya kuigiza akabadilisha fedha, kisha huenda dukani kununua vitu. Kote huko hutakiwa kusema Kiingereza tu.

Kazi yangu haikuwa kufundisha. Niliwekwa kwenye michezo, chakula na uangalizi wa mabweni. Sababu haikuwa kutojua Kiingereza. Viza ya mwalimu wa lugha nchini humo, iitwayo E-2, kwa upande wa Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Raia wa nchi hizo mwenye shahada ya fani yoyote, hata kama hajapata kushika chaki, aweza kuajiriwa. Mwalimu wa Tanzania, Kenya au Uganda aliyesomea ualimu na kufundisha miaka kumi hawezi.

Hata hivyo, jioni watoto waliokuwa kimya darasani walinijia mezani wakaniuliza habari za simba na kama kwetu kuna theluji. Walichanganya "r" na "l" kama wafanyavyo watoto wengi wa kwetu, nami nilijua namna ya kuwasahihisha bila kuwacheka. Mtu aliyejifunza lugha darasani anajua mwanafunzi anakwama wapi. Hiyo ni sifa ya mwalimu, wala si kasoro.

Ndugu Mhariri, kila nchi ina haki ya kuweka masharti yake. Lakini masharti huzungumzwa. India haimo katika zile nchi saba, lakini mkataba wake wa kiuchumi na Korea, ulioanza kutumika mwaka 2010, uliwafungulia mlango Wahindi wenye sifa za ualimu kuwa walimu wasaidizi wa Kiingereza. Mwezi Juni 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Korea Kusini, nchi zetu mbili zilitia saini tamko la kuanza mazungumzo ya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi. Katika mazungumzo ya namna hiyo tumezoea kutaja madini, samaki na kahawa. Nashauri walimu nao watajwe.

Ni kweli kwamba Kiingereza cha baadhi ya wahitimu wetu ni dhaifu. Kwa hiyo siombi mlango ufunguliwe kwa kila mtu. Naomba tupimwe kwa mtihani na cheti cha ualimu, si kwa jalada la pasipoti. Atakayeshindwa mtihani asilalamike. Vyuo vyetu vya ualimu navyo vitapata sababu ya kukaza uzi.

Wakati tukisubiri, vijana wenzangu wawe macho. Mtu akikuahidi kazi ya kufundisha kambini na kukutaka usafiri kwa viza ya matembezi, muulize aina ya viza ya kazi na mkataba wa maandishi, kisha ulizia ubalozini kabla ya kutoa hata senti moja. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hurudishwa nyumbani, na deni la nauli humngoja uwanjani.

Wahusika walifikirie jambo hili mapema, kwa maana mkataba ukishatiwa saini ni vigumu kuufungua tena.

Mwalimu wa Sekondari,
Iringa.