Chakula cha Asiye na Meno



Mama yangu alipoishiwa na meno, kila tulipokaa kwenye sinia alimega tonge mbili tatu akasema, "Nimeshiba, alhamdulillahi." Nasi tulimsadiki. Hata usiku mmoja nilimkuta jikoni peke yake, akichovya kipande cha mkate katika maji. Kumbe alikuwa akiona haya kutafuna mbele ya wajukuu. Haya zaidi nilizipata mimi, niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa chuoni kuwatendea wema wazazi.

Tangu siku ile mke wangu alimpikia ndizi mbivu za nazi. Twaa ndizi 3 za mkono wa tembo, zilizoiva hata ganda likafanya weusi. Zimenye, zipasue, utoe ule uzi wa kati, kisha uzichemshe kwa vikombe 2 vya tui jepesi na iliki iliyopondwa, mpaka zilainike. Mwisho tia nusu kikombe cha tui zito, moto uwe mdogo, ukoroge lisije likakatika. Ziponde kwa mwiko. Sukari si lazima. Na mwenye kisukari asitiliwe, na hizo ndizi apewe kwa kiasi. Zikipoa, ale ameketi wima. Akiwa hupaliwa kila amezapo, mpelekeni kwa daktari. Shida yake si meno.

Nanyi vijana, bakuli hilo liwekwe kati ya sinia, nyote mlionje, mzee asijione ametengwa. Naye akisema ameshiba, tazameni kwanza alichobakisha mbele yake.