Saa ya kuzamia haimjui baba watoto kama wewe

Mama zangu, leo si chanjo wala uji. Leo tuongee kuzamia.

Mume wangu anaongoza watalii wanaozamia huku Nungwi. Wiki hii kajaribu kompyuta mpya ya mkononi. Haina mpira: inasoma hewa iliyobaki mtungini bila waya, inaonyesha kina, dakika na kasi ya kupanda. Kafurahi kama mtoto na kiatu cha Idi! Nami nimefurahi, maana mita 30 chini mgandamizo ni mara nne ya huku juu, na nitrojeni inaingia kwenye damu. Ukipanda haraka inatoa mapovu, kama soda iliyofunguliwa.

Ila jamani, saa inapiga hesabu tu. Haijui kama hakulala, wala kama jioni mguu umeanza ganzi. Hilo unaliona wewe nyumbani. Akirudi baharini na ganzi, maumivu ya viungo au kizunguzungu, usimkande, usimpe dawa ya maumivu ukamwacha alale. Mpeleke hospitali na useme mlangoni kabisa: "Huyu kazamia leo." Anahitaji oksijeni haraka.

Na geji ya zamani yenye mpira? Nimemwambia aendelee kuibeba, betri inaweza kuisha chini.

Nani mwingine hapa mumewe anazamia? Tuambiane.