TV YA INCHI 85 ‘RAFIKI WA MAZINGIRA’? STAA, ACHA KAMBA!

Mastaa wa Bongo sasa wamegundua mazingira. Kuna mmoja, jina kapuni, ametupia picha ya sebule yake: TV ya inchi 85 ukutani, na maneno kwamba inakula umeme kiduchu, eti anailinda dunia. Mashabiki wakajaza makopa. Jina la duka nalo limo pembeni ya picha. Hapo ni kulinda dunia au kulipwa tangazo?

Mambo yawekwe sawa. Ni kweli TV za LED zinakula umeme mdogo kuliko plazma za zamani, na hazina zile taa zenye zebaki zilizokuwa nyuma ya flati za mwanzo. Hilo halina ubishi.

Ila kuokoa umeme kunategemea na ukubwa. Kioo cha inchi 85 kina eneo karibu mara 4 ya kile cha inchi 43, na kote huko lazima kumulikwe. Chukua hesabu ya LUKU: TV ya wati 50 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa mwezi inakula uniti 7.5. Ya wati 200 inakula 30. Sasa nani kaokoa? Hata Ulaya, lebo za umeme zilipobadilishwa Machi 2021 zikawa A hadi G, TV nyingi kubwa zilizokuwa zinaringia A ziliporomoka hadi F na G.

Na ile TV ya zamani, bado nzima, imeenda wapi? Kutengeneza mpya nako kunakula madini na umeme, halafu isafirishwe hadi Kariakoo.

Kinachoumiza ni dogo wa chumba kimoja anayeiga. Anauza TV yake nzima kwa bei ya kutupa, anakopa mkopo wa kausha damu, halafu anaambiwa kaokoa mazingira! Angepunguza tu mwanga wa kioo na kuzima swichi ya ukutani akilala, angeokoa bila kudaiwa na mtu.

Mwenye pesa anunue, ni jasho lake. Ila aseme ukweli: anataka kuona mechi kwenye kioo kikubwa. Mazingira hayajamtuma.

Wadau, mnasemaje? Kabla ya kushusha komenti, geuzeni TV zenu msome wati zilizoandikwa nyuma.