Kumwachia Samaki Si Kumwokoa

Kuna wema ambao kazi yake kubwa ni kumpendezesha anayeutenda. Nimeukuta kwenye kingo za Mto Clearwater, jimbo la Idaho, Marekani, ambako nasomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa maji, na leo nataka kuusema bila kuuma maneno.

Wema wenyewe ni huu. Kila mwezi wa Oktoba, majani yakianza kupukutika, wavuvi huvaa suruali za mpira zinazofika kifuani, huingia mtoni na kurusha mshipi wenye ndoana iliyofungwa manyoya ili ifanane na mdudu. Wanamtafuta stilihedi. Kwa asili huyu ni trauti wa jamii ileile ambayo walowezi waliipandikiza katika mito ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ni kwamba stilihedi huzaliwa mtoni, hushuka hadi Bahari ya Pasifiki, hunenepa huko, kisha hurudi kuzaa alikozaliwa. Kutoka baharini hadi mji wa Lewiston, mahali Clearwater unapoingia Mto Snake, ni takriban kilomita 750.

Ukimnasa, unamtazama mgongoni. Samaki wa kutotoleshwa kituoni hukatwa pezi dogo lililo karibu na mkia, ili atambulike. Mwenye pezi hilo ni wa asili, na sheria inakutaka umwachie. Hata ndoana haina ile ncha ya nyuma inayong'ang'ania nyama. Basi mvuvi humshika samaki majini kwa mikono miwili, humwelekeza mkondo unakotoka, humngoja apate nguvu, humwachia. Picha hupigwa. Kisha husikika neno: tumemwokoa.

Sheria hiyo naiunga mkono. Stilihedi wa bonde la Snake wamo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu 1997, na kila anayebaki ana thamani. Ugomvi wangu ni na hilo neno.

Siku yangu ya kwanza mtoni nilipelekwa na mwenyeji mmoja, mtu mwema na mvumilivu. Mto sikuujua hata kidogo. Mawe yake yanateleza kama sabuni na maji yake yanakudanganya kina. Alinifundisha: tupa kwa mshazari, acha mkondo uvute mshipi mpaka unyooke, piga hatua mbili kwenda chini, tupa tena. Wenyewe humwita stilihedi samaki wa kurusha mara elfu. Alinifundisha pia kuusoma mto: samaki hupumzika nyuma ya jiwe kubwa, au pale maji ya kasi yanapokutana na maji ya pole. Jioni, tukirudi mikono mitupu, tulipita karibu na mstari wa maboya. Ulikuwa wavu wa watu wa Nez Perce. Mwenyeji wangu akatikisa kichwa. "Hao ndio wanaotumalizia samaki," akasema.

Mtu anayejua kila jiwe la kilomita mbili za mto alikuwa hajausoma mto wenyewe.

Tuusome basi. Stilihedi anayefika Lewiston amekwisha kupanda mabwawa makubwa manane: manne ya Mto Columbia na manne ya Mto Snake. La mwisho, Lower Granite, lilikamilika mwaka 1975. Yana ngazi za samaki, ndiyo, na wakubwa wengi hupanda. Balaa ni kwa watoto wao wanaoshuka. Mto uliokuwa ukiwasukuma hadi baharini umegeuzwa mnyororo wa maziwa yaliyotulia, ambayo hupata joto wakati wa kiangazi na kujaa samaki wanaowala. Ndiyo maana vifaranga wengi hukusanywa kwenye mabwawa, hupakiwa katika matishari na malori, na kwenda kumwagwa chini ya bwawa la Bonneville. Msomaji, litafakari hilo: samaki anapewa usafiri ndani ya mto wake mwenyewe.

Na kwenye mkono wa kaskazini wa Clearwater lipo bwawa la Dworshak, lenye kimo cha mita 219, lisilo na njia yoyote ya samaki. Maeneo yote ya kuzalia yaliyo juu yake yamefungwa. Fidia yake ni kituo cha kutotolesha vifaranga kilichojengwa chini ya ukuta. Samaki wengi waliokatwa pezi, wale ambao mwenyeji wangu huwapeleka nyumbani na kuwala bila kinyongo, wanatoka hapo.

Sasa turudi kwenye ule wavu. Kwa mkataba wa 1855, watu wa Nez Perce waliiachia serikali ya Marekani mamilioni ya ekari za ardhi, wakabakiza haki ya kuvua mahali walipozoea kuvua. Mwaka 1863 mkataba mwingine ukawanyang'anya takriban asilimia 90 ya ardhi waliyokuwa wamebakiziwa. Haki ya kuvua ilibaki. Si upendeleo waliopewa juzi. Ni sehemu ya bei ya nchi nzima. Wao hawakuchora ramani ya bwawa lolote kati ya hayo. Lakini wavu unaonekana kwa macho, una mwenyewe, na mwenyewe ana sura isiyofanana na ya anayelaumu. Zege halina sura.

Nimekulia kando ya Ziwa Victoria, na wimbo huu naujua. Nimeona kokoro zikirundikwa mwaloni, zikimwagiwa petroli na kuchomwa moto huku wenyewe wakitazama. Sikatai kwamba nyavu haramu zinaharibu mazalia. Ninachouliza ni kwa nini moto haujawahi kufika kwenye meza zinazopanga kiasi cha minofu kitakachosafirishwa nje, wala kwenye mabomba yanayomwaga uchafu ziwani. Mwenye wavu hukamatwa kwanza kwa sababu yuko karibu.

Mtu ataniambia: na umeme je? Swali la haki. Natoka katika nchi iliyojenga bwawa la megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji; siwezi kumcheka mtu anayetaka taa iwake. Mabwawa manne ya Snake huzalisha umeme, na hupitisha matishari ya ngano hadi Lewiston. Lakini hayo ni mambo ya kuhesabika, na yalikwisha kuhesabiwa. Mwaka 2021 Mike Simpson, mbunge wa Republican kutoka Idaho hiyohiyo, alipendekeza mpango wa dola bilioni 33.5 wa kuyavunja mabwawa hayo manne na kuwafidia wakulima na wazalishaji wa umeme. Haukupita. Desemba 2023 serikali ya Biden ilikubaliana na makabila manne pamoja na majimbo ya Oregon na Washington juu ya hatua za kuwarudisha samaki. Juni 2025 Trump akayafuta makubaliano hayo.

Katika miaka hiyo yote wavuvi wa michezo hawakukosa fedha wala sauti. Ufito mmoja wa kuvulia unaweza kuzidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa kwetu. Vipo vyama vyao vilivyokwenda mahakamani kuyapinga mabwawa, na navipa heshima. Lakini wengi niliokutana nao kingoni wanaweza kubishana saa nzima juu ya rangi ya manyoya, na ukitaja bwawa wanakwambia, "Hiyo ni siasa." Wanamwachia samaki mmoja kwa upole wa mama, na papo hapo wanaliachia jambo linalomuua.

Dawa inajulikana. Katika Mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon, mabwawa manne yalimalizwa kubomolewa mwaka 2024. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, kabla vumbi halijatulia, samoni walionekana wakiogelea juu ya pale kuta zilipokuwa zimesimama. Hakuna aliyewabeba kwa lori, wala aliyewashika kwa mikono miwili apigwe picha. Walifunguliwa njia tu, wakapita.

Kwa hiyo, mvuvi mwenzangu, mwachie samaki wako. Ni wajibu wako. Kisha panda juu, kausha mikono, na umwandikie mbunge wako kuhusu Lower Granite. Na ule wavu wa watu wa Nez Perce, uache mahali pake.