Nani Alipiga Besi?

Mwimbie Mtanzania au Mkenya yeyote aliyevuka miaka thelathini kipande cha "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ataumalizia wimbo. Wengi hawataumalizia kwa maneno. Wataumalizia kwa mdomo, dumu-dumu-dumu, ile besi inayotembea chini ya wimbo. Sasa muulize nani alipiga hiyo besi. Kimya. John Ngereza atatajwa, kwa sababu aliimba. Omar Shabani atatajwa na wachache wanaopenda magitaa. Tom Malanga, mmoja wa wale waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978 na kuanzisha Les Wanyika pale Nairobi, hatajwi. Watu wanamwimba kila siku na hawamjui.

Lawama hii siwapi wasikilizaji. Nawapa nyie mnaoandika.

Nimesoma chambuzi nyingi za nyimbo zetu na karibu zote zimeshonwa kwa uzi mmoja, ule tuliopewa sekondari: fani na maudhui. Kwenye maudhui tunatoa dhamira na ujumbe. Kwenye fani tunahesabu takriri, tashibiha, tashihisi, tunasema kitu kuhusu mandhari, tunafunga daftari. Yaani wimbo ni shairi ambalo kwa bahati mbaya mtu amelipigia kelele. Hivi mmewahi kukaa na saa mkononi mkasikiliza wimbo wa dansi mpaka mwisho? Karibu nusu yake ni ile sehemu ya pili ambapo waimbaji wamenyamaza au wanaitikia tu, na vyombo ndivyo vinavyosema. Mhakiki anayenukuu beti mbili na kuondoka ameuacha wimbo njiani.

Mtaniambia: sisi ni watu wa fasihi, besi waachieni wanamuziki. Sikubali hata kidogo. Nyie ndio mnaogombana mpaka usiku wa manane kuhusu mizani nane kwa nane, na nani kaivunja. Basi mizani ya wimbo inakaa kwenye besi. Mwimbaji analivuta neno hapa, analikata pale, kwa sababu chini yake kuna mtu ameshaamua mguu utatua wapi. Hamisha noti moja ya besi na neno "mapenzi" linabadilika uzito. Kama hiyo siyo fani, nielezeni fani ni nini.

Sasa mbona nafoka? Kwa sababu jambo hili halikai vitabuni tu. Napiga besi kwenye bendi ya watu wanne hapa Majengo, Sumbawanga. Tunapiga panki. Kwa Mtanzania panki ni mtindo wa kunyoa, na kinyozi wa mtaani kwetu mpaka leo anadhani tunamtania. Ni nyimbo fupi, dakika mbili au pungufu, za kasi, gitaa moja, besi, dramu na mwimbaji mwenye hasira. Maneno ni Kiswahili, mengine Kifipa. Mwaka jana tulialikwa kwenye sherehe fulani. Siku mbili kabla, mwandaaji akanipigia: "Dada, nyie njooni na fleshi tu, fundi ataichomeka. Magitaa mje nayo ili picha zipendeze." Nikamuuliza kebo ya besi itachomekwa wapi. Akacheka kwa upole kabisa. "Dada yangu, hakuna atakayejua."

Hatukwenda. Lakini ile sentensi yake nimekaa nayo, na nimeona kwamba alikuwa akisema kweli. Nani angejua? Nani amewahi kuwaandikia watu wa mji huu, au wa mji wowote, besi inafanya kazi gani, ili siku isipokuwepo waione imetoka? Mmewafundisha wasikilizaji kwamba wimbo ni maneno. Basi fleshi inatosha, maana maneno yote yamo.

Sababu nyingine wanayotoa waandaaji ni gharama: kupiga laivu eti kunataka lori la vifaa kutoka Dar. Hiyo nayo inaishi kwa sababu hakuna anayeandika kinyume chake, kwa hiyo ngoja niandike mimi.

Ninachokwenda nacho kinaenea nyuma ya bodaboda moja. Besi yangu ina nyuzi nne, ni mtumba, nakala ya Fender Precision, umbo ambalo Leo Fender alilitoa mwaka 1951 ili mpiga besi aachane na lile dubwana la mbao linalosimama kama kabati, na asikike. Nimeichagua kwa sababu haina mambo mengi: kitufe cha sauti, kitufe cha toni, basi. Tundu la jeki lilipolegea, fundi redio wa sokoni alilichomelea upya huku nimekaa kwenye benchi lake. Vijana wananionyesha kwenye simu besi zenye betri ya volti tisa ndani na vitufe vitano. Ni nzuri, sikatai. Ila betri ikifa katikati ya wimbo, nyingi kati ya hizo zinakufa nayo, na duka la kukimbilia usiku ule hulioni.

Kebo nabeba mbili, kwa sababu moja itakatika. Na nabeba kiboksi cha DI, kidogo kuliko tofali. Kiboksi hiki ndicho ambacho wahakiki wangekijua wasingerudia hadithi ya lori. Kinapokea sauti ya besi na kuigeuza iweze kusafiri kwenye waya mrefu hadi kwenye miksa bila kuokota mivumo njiani. Maana yake sihitaji amplifaya. Besi yangu inatoka kwenye spika na sabufa zilezile zilizokodiwa kwa ajili ya fleshi! Mitambo ya kupiga laivu ilishafika uwanjani, imeshalipiwa, inasubiri mtu achomeke.

Nyuzi mpya ni ghali, kwa hiyo za zamani tunazichemsha kwenye sufuria kama mihogo. Jasho na uchafu vinatoka, mlio unarudi kwa siku kadhaa, mradi uzikaushe vizuri zisishike kutu. Wanaofuata ratiba ya Ufipa wanajua pia baridi ya Juni: ukiitoa besi kwenye chumba chenye joto ukaipeleka uwanjani, nyuzi zinajikaza na sauti inapanda. Naitoa kwenye mkoba mapema, naiacha izoee upepo, ndipo nazigusa funguo. Haya yote hayana uhusiano na utajiri. Yana uhusiano na kuambiwa.

Umeme ni habari nyingine. Kwa miaka mingi mji wetu umetegemea umeme unaotoka Zambia, na unapopanda na kushuka, kitu cha kwanza kulalamika ni miksa. Tafuteni stabilaiza kabla ya kutafuta gitaa la pili. Lakini kila nikichomeka huwa nakumbuka kwamba nchi hiyohiyo, miaka ya 1970, ilikuwa na vijana waliopiga roki nzito wakaiita Zamrock. Bendi yao kubwa iliitwa WITCH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tumekusudia kuleta vurugu", na neno lenyewe likisomwa zima ni mchawi. Mpiga besi wao alikuwa Gedeon Mulenga. Nao majirani zao ni sisi, wa mji ambao jina lake, tunavyoelezwa na wazee, lina maana ya kutupa uchawi. Huenda ndiyo maana hawakuvuka mpaka.

Upande wetu historia ilikwenda njia nyingine. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa TANU, Bima Lee ya shirika la bima. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Mwanamuziki akigombana na uongozi alitoka na sauti yake na vidole vyake, gitaa linabaki stoo. Kwa mpiga besi wa enzi ile swali la "nichague besi gani" halikuwepo. Sisi leo tunalo, na tunaambiwa tuje nayo kama pambo la picha.

Wapo watakaosema panki ni ya Wazungu. Na rumba ilitoka Kuba kwenye sahani za santuri, ikapita Kongo, ikafika kwetu, hakuna aliyeikataa mlangoni. Paul Simonon wa The Clash alianza bila kujua kupiga, akapaka rangi noti kwenye shingo ya besi ili ajue pa kuweka kidole. Huyo namwelewa. Simwelewi yule wa mwaka 1979 pale New York, anayevunja besi jukwaani kwenye ile picha ya Pennie Smith iliyowekwa kwenye jalada la "London Calling". Picha nzuri, lakini Majengo hatuvunji besi.

Nairobi kuna Crystal Axis, wanapiga panki, na wana wimbo unaoitwa "Nyayo House", jengo ambalo watu waliteswa ndani yake. Mkiuchambua najua mtakavyoanza: historia, utawala wa Moi, ujasiri wa maneno. Sawa, anzieni hapo. Aya ya pili nataka mniambie besi inafanya nini wakati mwimbaji anapovuta pumzi, na jina la anayeipiga. Mkikosa msamiati, msiuruke. Nendeni sherehe yoyote mtaani kwenu mkamuulize fundi mitambo, namba yake imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa spika.