Malumbano Bila Kusikizana

Mwezi uliopita, baada ya sala ya magharibi, kijana mmoja alileta shairi lake katika kundi letu la WhatsApp, kundi la watungaji wa Lamu, Mvita, Tanga, Unguja, hata Maskati. Mzee mmoja, ambaye wengi wetu tulijifunza vina na mizani kwake, akamwonyesha kuwa kipande kimoja kina mizani saba badala ya nane. Basi! Huyu akadai wazee hawataki vijana watunge. Yule akafufua ugomvi wa mashairi huru, ambao haujatuisha tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Hata isha haijaadhiniwa, matusi yalikwisha kufika kwa mama za watu. Alfajiri nilipofungua simu nilikuta mstari mmoja tu: mzee ametoka kundini.

Msomaji mpenzi, nisijitie usafi. Nami nilimjibu mzee yule, tena kwa ukali, juu ya neno ambalo hakulisema. Nilisoma majibu ya wenzangu kabla ya kuyasoma maneno yake.

La ajabu ni kwamba sisi watu wa pwani ugomvi wa maneno si mgeni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alirushiana tungo na washairi wa Lamu, akina Zahidi Mngumi, wakati miji hiyo ilipokuwa na vita vya silaha mwanzoni mwa karne ya 19. Kejeli zilikuwamo, na vitisho pia. Hata hivyo, katika malumbano ya kishairi mwenye kujibu ana deni. Desturi humtaka afuate bahari ya mwenziwe, mara nyingi na vina vile vile, na aiokote hoja yake ndipo aitupe. Nawe huwezi kufuata vina vya shairi ambalo hukulisoma. Tena jibu likitumwa gazetini kwa posta lilichukua siku nyingi, na mhariri alikuwapo njiani. Hasira nyingi zilikufa ndani ya bahasha.

Chuoni nako, mwalimu wetu hakukupa sura nyingine mpaka umrudishie ile aliyokusomesha, herufi kwa herufi. Nimekula bakora kwa ajili hiyo.

Serikali imejaribu njia yake. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ikayafanya maneno ya chuki kuwa kosa la jinai. Mwaka 2018 ikafuata sheria ya uhalifu wa kompyuta. Sheria zina mahali pake, maana tumeona maneno yakitangulia na panga zikifuata. Lakini hakimu huangalia neno lililokwisha kuvuka mpaka. Hawezi kumlazimisha mtu asome kabla ya kujibu.

Wenye WhatsApp, nadhani, waligusa mahali penyewe zaidi. Aprili 2020 waliamua kuwa ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi upelekwe kwa mtu mmoja au kundi moja tu kwa wakati mmoja. Baadaye wakatangaza kuwa usambazaji wa ujumbe wa namna hiyo umepungua kwa asilimia 70. Hawakulizuia neno; walilichelewesha.

Kwetu kundini nimependekeza sharti moja. Anayetaka kumpinga mwenziwe aanze kwa kuieleza hoja ya mwenziwe, mpaka mwenye hoja akubali: naam, ndivyo nilivyosema. Wengine wamenicheka, eti nitaua uchangamfu. Kweli umepungua, zipita siku mbili hakuna asemaye. Lakini yule kijana amelirudisha shairi lake, na kipande kimetimia mizani nane.

Ijumaa nilikwenda kwa mzee kumwomba radhi. Alinitilia kahawa, akaniuliza, "Mwanangu, maneno yangu uliyasoma yote?"

Nikamjibu, "La, Mwalimu."

"Basi yasome," akasema, akanipa simu yake.

Chini ya ile habari ya mizani saba alikuwa ameandika kuwa tangu miaka mingi hajaona kijana mwenye kituo kizuri kama kile, na kwamba akipenda aje kwake jioni wasomeshane. Saa ya ujumbe ilionyesha dakika nne kabla ya tusi la kwanza.